Mizizi Chini ya Zulia

Nchi ya Rehania imekaa juu ya milima kama kofia juu ya kichwa cha mtu anayesinzia: haianguki, wala haijawahi kukaa sawa. Hewa yake ni baridi, nyepesi na safi, na kwa sababu ya hewa hiyo wastaafu wa nchi zote za tambarare, watu waliomaliza miaka yao ya kazi wakabaki na pensheni ndogo, magoti mabovu na hamu ya kupumua vizuri, hupanda huko kwa mamia na masanduku yao. Mji mkuu, Kilelecha, umejaa mabenchi. Kuna benchi mbele ya kila duka la mkate, benchi kando ya kila chemchemi, na juu ya lango la mji yamechongwa maneno ambayo Mtukufu Barasubi, Mlezi Mkuu wa Rehania, huyapenda kuliko jina lake mwenyewe: HAPA SOTE NI WAGENI.

Anayefika Rehania hagongewi muhuri. Kila familia ya wageni hupewa mche mmoja wa mwerezi, ndani ya chungu kidogo cha udongo chenye tundu chini, na mche huo ndio viza yao. Sheria ni fupi. Mche ukifa, mmeshindwa kuitunza nchi, ondokeni. Mizizi ikitokeza tunduni, mmekaa vya kutosha, ondokeni. Tarehe mosi ya kila mwezi, siku iitwayo Siku ya Kupindua, makarani hupita mlango kwa mlango, wakainua kila chungu na kupitisha kidole chini yake. Kidole kikigusa mzizi, karani hapandishi sauti. Huinamisha kichwa tu na kusema, "Karibuni tena," na baada ya siku saba nyumba ile huwa tupu.

Kwa hiyo wastaafu wa Kilelecha walijifunza kazi ngumu kuliko zote walizowahi kufanya, nayo ni kukinyima kitu chakula bila kukiua. Madirisha ya mji yalipambwa na vijiti vya manjano vilivyopewa maji kwa kijiko cha chai. Aliyekaa miaka mingi zaidi hakuwa aliyeipenda nchi zaidi, bali aliyejua kuilisha nusu tonge kila siku.

Katika mji huo aliishi Bi Tausa, mkunga mstaafu kutoka nchi ya chumvi ya Magandini, pamoja na mumewe, Mzee Makungu, ambaye vumbi la machimbo lilikuwa limemkalia kifuani. Kule kwao mzee huyo alilala ameketi kwa miaka tisa, mito mitatu mgongoni, kama abiria anayesubiri kuitwa. Siku ya tatu baada ya kufika Kilelecha alijinyoosha kitandani akalala chali hadi asubuhi, na Bi Tausa alikaa pembeni akimtazama, asiamini kwamba mumewe ni mrefu kiasi kile.

Kwa shukrani ya usingizi ule, Bi Tausa aliutunza mche. Aliulisha majani ya chai na maganda ya mayai yaliyosagwa, akaugeuzageuza upate jua pande zote. Aliamini, kama anavyoamini mtu aliyepokea watoto wa watu kwa miaka thelathini na minne, kwamba hakuna serikali inayoweza kumwadhibu mtu kwa kulea vizuri.

"Shemeji," jirani yao Londa alimwambia siku moja kutoka upande wa pili wa ukuta. Londa alikuwa fundi cherehani mstaafu, na huu ulikuwa mwaka wake wa nane. "Unalea mche huo au unaunenepesha uuchinje? Wangu mimi nauonyesha maji tu. Ukishayaona, nayarudisha jikoni."

"Hauteseki?"

"Unateseka. Lakini tunateseka sote wawili, na tupo."

Bi Tausa alicheka, kisha akaenda kuumwagilia wa kwake. Mwaka wa pili ulipotimia, Karani Fumbwe, mtu mpole aliyepindua vyungu kwa miaka ishirini, alipitisha kidole chini ya chungu chao, akatulia, akainamisha kichwa. "Karibuni tena," alisema.

Ndani, Mzee Makungu alikuwa amelala chali.

"Hakuna njia ya kuongezewa muda?" Bi Tausa aliuliza kwa sauti ya chini.

"Zipo tatu, mama. Ya kwanza ni Chungu Kikubwa. Unaweka hazina pensheni ya miaka arobaini kwa mkupuo mmoja, unapewa chungu cha ukubwa wa pipa. Wenye vyungu hivyo tunawasalimia tu, hatupindui."

"Mimi nina pensheni ya mkunga."

"Ya pili ni Chungu cha Undugu. Una mtoto aliyeoa au kuolewa huku?"

"Nimezalisha nusu ya Magandini, mwanangu, ila hakuna aliyepanda mlima."

"Basi ya tatu, Chungu cha Heshima. Hicho hutoa Mlezi Mkuu kwa mkono wake, Alhamisi ya maombi."

"Amekwisha kutoa vingapi?"

Fumbwe alifikiri kwa uaminifu. "Alhamisi ya maombi ipo kila wiki," akasema.

Alhamisi hiyo walikwenda pamoja, mama na chungu chake, karani na kitabu chake. Ukumbi wa Barasubi ulikuwa mrefu, umetandikwa zulia jekundu kutoka mlangoni hadi kitini, na nyuma ya kiti ulisimama mwerezi mnene uliogusa dari. Ulikuwa mche wa Mlezi Mkuu mwenyewe, kwa maana waasisi wa Rehania hawakumwacha mtu nje ya sheria yao. Siku alipokabidhiwa nchi, miaka thelathini na mmoja iliyopita, Barasubi naye alipewa mche, ndani ya chungu cha shaba. Hakuna karani aliyewahi kutumwa kukipindua.

Kulikuwa na desturi katika ukumbi ule. Kila aliyeingia, akifika katikati ya zulia, aliinua mguu wa kushoto juu sana, kama anayevuka mfereji, kisha akaendelea. Mawaziri walifanya hivyo kwa madaha, na vitabu vya adabu viliita jambo hilo Hatua ya Heshima. Bi Tausa hakuvisoma vitabu hivyo. Kidole chake cha mguu kiligonga kitu kigumu chini ya zulia, chungu kikamponyoka na kupasuka, udongo ukatawanyika.

Alipiga magoti kuuzoa, na kiganja chake kikakaa juu ya lile tuta. Mikono iliyopapasa matumbo ya wajawazito kwa miaka thelathini na minne haihitaji kufunuliwa kitu ili ikijue. Aliufuata uvimbe ule taratibu, akitambaa, hadi miguuni pa kiti, hadi kwenye chungu cha shaba kilichokuwa kimepasuka zamani.

"Mtukufu," alisema, "hii ni mizizi."

"Ni sakafu, mama," Barasubi alijibu kwa upole. "Inakarabatiwa."

"Tangu lini?"

Mawaziri walitazamana. "Mimi niliikuta," alisema mmoja, mwenye mvi.

Karani Fumbwe alikuwa amekwisha kuinama kumsaidia mama kuzoa udongo. Mkono wake ulipita chini ya chungu cha shaba kama unavyopita chini ya vyungu vyote, kidole kikagusa, na kabla akili yake haijafika kichwa kilikuwa kimeinama na mdomo umesema, "Karibu tena."



"Nileteeni chungu kikubwa zaidi," Barasubi alisema hatimaye.

"Tutabomoa ukumbi, Mtukufu," alijibu yule mwenye mvi.

Mlezi Mkuu aligeuka, akautazama mti wake kuanzia chini hadi juu, labda kwa mara ya kwanza. Fumbwe alifungua kitabu. Kanuni alizijua. "Waliozidisha muda huondoka kwa zamu," alisoma. "Aliyekaa zaidi hutangulia. Wa nyuma yake hawaguswi mpaka yeye atoke." Akainua kalamu. Hakuna aliyemwambia aandike, wala hakuna aliyemwambia asiandike.

Bi Tausa alirudi nyumbani na mche umefungwa ndani ya kitenge. Chungu hakikuwepo tena, hivyo aliupanda ardhini, uani, chini ya dirisha.

"Tufunge masanduku?" Mzee Makungu aliuliza kutoka kitandani.

"Bado. Kuna mtu mbele yetu kwenye foleni."

Mzee alijinyoosha, akalala. Siku ya saba tangu Mlezi Mkuu aambiwe maneno yale, wastaafu wa Kilelecha walikaa kwenye mabenchi yao, Londa miongoni mwao, wameelekea lango la jumba la Barasubi, vyungu mapajani. Hawakupiga kelele. Kila mmoja alikuwa amebeba chupa ya maji, na walipoona lango halifunguki na Mlezi Mkuu hatoki, wala karani hatokei kuvipindua vyungu vyao, mmoja baada ya mwingine wakaanza kuimwagilia miche yao.