Fungu la Sweta za Zizimani

Katika nchi ya Uainisho, ambayo haioneshwi na ramani yoyote lakini hutambuliwa na kila aliyepata kungojea mbele ya dirisha la ofisi, hakuna kitu kilichoruhusiwa kuwapo kabla hakijapewa fungu. Raia wake walikuwa watu wa adabu, wapole wa kauli na nadhifu wa maandishi. Walipenda utaratibu kama watu wengine wapendavyo sukari, na kwa mapenzi hayo walitunga Kitabu cha Mafungu, chenye juzuu arobaini, kilichowekwa katika Lango la Forodha juu ya meza yenye miguu sita. Kila kilichotoka ng'ambo kilisimamishwa mbele ya kitabu hicho. Chapati iliyoviringishwa iliandikwa pamoja na mikeka. Mwavuli, kwa kuwa una mbavu, uliandikwa pamoja na wanyama. Na mvua iliyoletwa na mawingu ya nchi jirani iliingizwa katika fungu la vinywaji visivyolewesha. Wananchi walicheka kidogo, wakatia saini, wakaendelea na safari zao, maana hapakuwa na aliyeumia.

Mtu wa kwanza kukaribia kuumia alikuwa hata hajazaliwa.

Juu mlimani, katika wilaya ya Zizimani, ambako kwa miezi mitatu ya kipupwe maji huganda mtungini, aliishi mkunga aliyeitwa Bi. Hima. Baridi ya mwaka uliotangulia ilimwondolea vichanga wawili, naye akaapa kwamba haitamwondolea wa tatu. Alipohesabu wajawazito wake akawapata ishirini, aliagiza kutoka nchi ya Ufumini sweta sitini za vichanga, za sufu laini, nyeupe kama tui, kila moja ina vifungo vitatu. Sweta zikafika langoni katika marobota matatu, na hapo zikakutana na Mheshimiwa Tashwishi, Mwainishi Mkuu.

Tashwishi hakuwa mtu mbaya. Hakuwa amepata kupokea rushwa wala kuinua sauti; kosa lake lilikuwa kwamba shaka ilimpendeza kuliko jibu. Aliigeuza sweta moja mara saba, akavuta uzi, akainusa.

"Bi. Hima," alisema, "hii imefumwa kwa sindano. Hapo sina shaka, nami nakupongeza. Lakini upande wa kushoto wa kifua unalalia wa kulia, na kitabu chasema nguo ya namna hiyo ni ya kiume. Je, watakaovaa ni wanaume?"

"Ni vichanga, Mheshimiwa. Wangali tumboni."

"Vichanga wana fungu lao, kwa sharti kwamba kimo cha mvaaji kisizidi shibiri nne. Nitampimaje aliye tumboni?"

"Wewe umepata kuona kichanga wa shibiri tano?"

"Sijaona wengi, mama. Mimi ni mtu wa marobota."

"Basi niandikie fungu lolote, hata la mikeka, nami nitalipa ushuru wake sasa hivi."

Tashwishi alirudi nyuma kama aliyetiwa kaa la moto mkononi. "La, hasha! Kuchagua fungu kwa sababu liko karibu ni kuinajisi elimu!"

Baada ya kutafakari siku tisa alipata njia aliyoiona kuwa ya haki kabisa: aliandika hati ya wito, akiwaamuru watoto ishirini wa Zizimani, waliozaliwa na wasiozaliwa, wafike barazani siku ya kwanza ya kipupwe, bila udhuru, wakiwa na ushahidi wa kimo chao. Karani wake, Nukuu, aliyenakili kila alichoambiwa, alitoa nakala ishirini na kuzigonga muhuri.

Hati zilipofika Zizimani wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Kisha asubuhi moja waliona umande umekuwa mweupe juu ya nyasi, na kicheko kikakoma.

"Mimi nitakwenda," alisema Saburi, ambaye mimba yake ilikuwa imetimiza mwezi wa tisa.

"Kwenda wapi na tumbo hilo, mwanangu?" Bi. Hima aliuliza.

"Mwanangu ameitwa na serikali, mama. Nimwache aende peke yake?"

Siku ya kesi, baraza la mawe lilikuwa baridi kiasi kwamba pumzi za wazee zilionekana. Jaji Insafu, mwanamke wa maneno machache, aliketi mbele ya marobota matatu yaliyotiwa lakiri. Tashwishi alianza kusema tangu jua kuchomoza. Alipofika juzuu ya kumi na moja, kwenye swali la mifuko iliyo chini ya kiuno, Saburi, aliyeketi kando ya Bi. Hima, aliushika ukingo wa benchi kwa mikono miwili.

"Bi. Hima," alisema kwa sauti ndogo, "ameitika."

"Shahidi hajaitwa bado," alionya Nukuu.

"Shahidi huyu haendi kwa saa yako, baba," alisema Bi. Hima. "Tokeni! Nyote wanaume, nyuma ya pazia!"

Walitoka, na Tashwishi akaendelea kusoma nyuma ya pazia mpaka sauti nyingine, nyembamba na yenye hasira, ilipomzidi. Waliporudi walimkuta Saburi amelala juu ya majoho ya wazee, lakiri ya robota la kwanza imekatwa kwa meno, na kichanga ndani ya sweta.

"Amevunja lakiri!" alisema Tashwishi.

"Pima," alisema Jaji.

Nukuu alipima. "Shibiri mbili na ushei, Mheshimiwa Jaji." Akafunua kitabu. "Na kwa mujibu wa vifungo, ni mvulana."

"Ni msichana," alisema Bi. Hima.

"Vifungo vinasema—"

"Acha vifungo, njoo umtazame mwenyewe."

Nukuu alitazama, akarudi kitabuni, akatazama tena. Kisha, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, akaiweka kalamu chini.

"Pamoja na hayo," alisema Tashwishi, "kielelezo hakina budi kurudishwa robotani mpaka shauri limalizike."

"Sawa," alijibu Jaji Insafu. "Mvue."

Tashwishi alisogea. Midomo ya mtoto, iliyokuwa ya samawati, ilikuwa imeanza kupata wekundu. Alinyoosha mkono mpaka kwenye kifungo cha kwanza, akaona vidole vyake mwenyewe navyo vimekuwa vya samawati kwa baridi. Akaificha mikono yote miwili mgongoni.

"Karani, shika kalamu," alisema Jaji. "Andika kwamba nguo ambayo hapana mkono katika nchi hii uliothubutu kuivua imekwisha kuingia nchini."

"Na zile hamsini na tisa?" aliuliza Tashwishi, kwa sauti isiyo na juzuu hata moja.

"Zina wenyewe kumi na tisa, nao hawataingoja juzuu ya kumi na mbili. Una mabega, Mheshimiwa?"

Mwainishi Mkuu, ambaye alikuwa amepima marobota miaka thelathini bila kulibeba hata moja, aliinama, akalitia begani lile lililofunguliwa, akaanza kupanda njia ya Zizimani nyuma ya Bi. Hima, huku mengine mawili yakichukuliwa nyuma yake. Wapita njia waliokutana naye walimwuliza kwa mzaha amechukua kitu gani, wakakaa kitako kungojea jibu refu.

"Sweta," alisema, akapita.