Saa Nzima ya Udhu

Swafia, mjukuu wangu, alikaa mbele ya daktari, mikono kaificha ndani ya buibui. Daktari Oloo ni mtu wa bara, mpole, na ndiye ampaye dawa za ule ugonjwa wake wa akili, wa kupanda na kushuka. Ramadhani ilopita alikuwa halali usiku wala mchana, akagawa hata masufuria yangu kwa majirani. Ilipoingia Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, akawa hainuki kitandani.

"Una wasiwasi?" daktari akamuuliza.

"Kidogo."

Akaandika. Kwao wasiwasi ni hofu tu. Kwetu Mji wa Kale ni ule mnong'ono wa shetani mtu akitawadha: hujaosha, rudia.

"Na mikono je?"

Akatoa vidole tu, ngozi imechanika kwenye viungo, imebabuka kama magamba ya samaki changu.

"Ile rangi ya piko ilinibabua. Ya harusi."

Harusi gani? Tangu Idi hajaenda hata moja. Aibu ni yake, nikaona si mimi wa kuitoa.

"Bibi, twende. Adhuhuri itanikuta sina udhu."

Daktari akacheka. "Mbona haraka? Bado saa nzima."

"Saa nzima haimtoshi," nikasema. Lilinitoka tu.

Swafia akanitazama kana kwamba nimemvua buibui barabarani. Yakamtoka machozi, kisha maneno, uso kauinamisha: kuosha na kurudia, na matusi yamjiayo akishaelekea kibla, matusi asoweza kuyatamka.

"Si mimi niyasemaye, daktari. Wallahi si mimi."

"Najua si wewe. Ni maradhi, na mara nyingi huandamana na yale mengine. Umefanya vyema kuniambia, kwani dawa ya haya nikikosea yaweza kukupandisha tena." Akanigeukia. "Na wewe mama, akikuuliza kama ameosha, usimjibu. Kila jibu ni kuni motoni."

Njia nzima Swafia alinitangulia. Kufika nyumbani akaingia chooni, akafungua mfereji. Nami nikavuta kigoda, nikakaa nje ya mlango.

"Umenifedhehesha, Bibi."

"Nimekufedhehesha, mwanangu."

Maji yakaenda.

"Bibi, mguu wa kushoto nimeosha?"

Nikauma ncha ya leso.

"Bibi! Nimeosha?"

Maji.

"Bibi, upo?"

"Nipo," nikamwambia. Hilo sikukatazwa.