Bamvua la Mwezi Mosi

"Futa," Musyoka alisema kwa mara ya tatu.

"Sifuti. Kitambaa hicho hapo. Futa mwenyewe, kisha andika jina lako pale chini, langu uliondoe."

Kadii alikuwa amesimama mbele ya ubao mweusi wa mapokezi, chaki mkononi, wala hakuwa na nia ya kusogea. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi tarehe ishirini Julai, mwaka wa themanini na tano, na wageni walikuwa bado ukumbini wakila mapapai na mayai. Ubaoni, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani, alikuwa ameandika kama alivyoandika kila asubuhi kwa miaka minne. Upepo: kusi, mkali. Mawimbi: yanampita mtu mrefu. Maji: bamvua, yanakupwa kwa nguvu hadi saa tano. Kuingia baharini asubuhi: hapana.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkaa Musyoka kooni.

"Wageni wamepanda ndege kutoka Uswisi kuja kucheza na mawimbi," alisema, "na wewe unawaandikia hapana?"

"Ninawaandikia kilichoko. Wakitaka kubembelezwa wakamtafute yaya."

Musyoka alikuwa kaimu meneja. Meneja mwenyewe alikuwa amekwenda likizo kwao, na wiki mbili za ukaimu zilikuwa zimemtosha Musyoka kujipatia kaptura nyeupe, soksi za kufika magotini na filimbi, ambayo hakuivua hata mezani. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini, na tangu siku hiyo hakuwa ameacha kuifundisha adabu. Si kwamba Kadii alimlaumu kwa kuzaliwa mbali na pwani. Yeye mwenyewe alikulia Jilore, akipalilia mahindi, na maji makubwa aliyoyajua utotoni yalikuwa ya ziwa la viboko. Lakini alipotoka chuoni na diploma yake ya mambo ya hoteli, aliyoisomea ukubwani, akapewa ubao huu na kuambiwa aandike habari za bahari, alifanya jambo ambalo Musyoka hangelifanya hata kwa kushikiwa panga: aliuliza wanaojua.

Na leo halikuwa suala la ubao tu. Mafunzo ya mawimbi yalipangwa saa tatu, na wa kwanza kuingia majini angekuwa Easter, bintiye Kadii. Msichana huyo alikuwa amemaliza kidato cha nne, anangoja nafasi ya chuo, na Musyoka alimpa kazi ya wiki tatu: asimame ndani ya maji ya kifua, awashikie watoto wa wageni mbao zao za mawimbi, kisha awasukume wimbi likija. Watoto sita. Easter aliogelea vizuri kuliko mfanyakazi yeyote wa hoteli. Tatizo ni kwamba alijifunzia kwenye bwawa la hoteli, na bwawa halijawahi kumvuta mtu likampeleka mahali.

"Hebu nikuonyeshe kitu," Musyoka alisema.

Akalitoa daftari lake. Kadii alilijua daftari hilo; hoteli nzima ililijua. Mwaka uliotangulia Musyoka alikuwa mtunza stoo, na kila siku alipomaliza kuhesabu sabuni alitoka barazani, akaiangalia bahari, akaandika alichokiona. Kazi nzuri, mtu angesema, kama ingeishia hapo. Sasa alikuwa amechukua maandishi ya Julai ya mwaka jana, akayageuza kuwa ratiba ya Julai ya mwaka huu, siku kwa siku, akaipiga chapa na kuibandika kwenye kila mlango wa chumba.

"Soma hapa. Tarehe ishirini Julai. Maji yamejaa karibu saa nne asubuhi. Bahari shwari. Upepo kidogo. Niliandika mwenyewe, kwa macho yangu."

"Mwaka jana."

"Ndiyo, mwaka jana. Tarehe si ni ileile?"

Kadii alimtazama ili ahakikishe kwamba hatanii. Hakuwa akitania. Alikuwa amenyoosha kidole juu ya karatasi kama mwalimu anayemsubiri mtoto mzito.

"Bwana Musyoka, unadhani bahari imetundikiwa kalenda ya benki ukutani?"

"Msimu ni msimu. Mvua za Machakos zina tarehe zake, mahindi yana tarehe zake..."

"Basi kapande mahindi."

Batuli alikuwa akipita na shuka za vyumbani, rundo limefika kidevuni. Watu wake walitoka Pate, yeye akaolewa Shela hapa Malindi, na kwa adabu zake alikuwa tayari ameanza kuizunguka meza ili asionekane anasikiliza. Kadii alimwita.

"Dada Batuli, leo mwezi ngapi?"

"Mwezi mosi, Bi Kadii. Umeandama jana magharibi, tumeuona sote. Mfungo Pili umeingia."

"Na mwaka jana, tarehe ya Kizungu kama ya leo?"

Batuli aliweka shuka chini, akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Mwaka jana wakati kama huu Idi ilikuwa imepita siku ishirini hivi. Tuseme ishirini Mfungo Mosi. Maji yalikuwa yanakufa, yanajaa kidogo, yanatoka kidogo. Leo ni bamvua, bwana. Yamejaa kabla ya alfajiri na sasa yanatoka yote pamoja, na yakitoka hayaagi."

"Mimi siongozi hoteli kwa kutazama mwezi," Musyoka alisema. "Hapa si chuoni kwa maalimu."

"Alhamdulillahi," Batuli alisema kwa upole, akiziinua shuka zake. "Maalimu angekuchapa."

Akaenda zake. Musyoka alivimba shingo mpaka kamba ya filimbi ikambana. Akachukua kitambaa, akafuta habari zote za bahari, hata yale maneno ya upepo ambayo hakuwa na ugomvi nayo, akaandika kwa herufi kubwa: MAWIMBI MAZURI SANA. SAA TATU. KARIBUNI. Jina la Kadii alilisahau pale chini, au alijifanya amelisahau. Kadii alilifuta kwa kidole gumba.

"Twende pwani," alisema. "Nionyeshe huo ushwari wako."

Pwani upepo ulikuwa ukirusha mchanga hadi usawa wa mashavu ya miguu. Mbele ya hoteli mwamba una uwazi, mlango ambao maji huingilia na kutokea, na mawimbi huingia hapo makubwa kwa sababu hakuna kinachoyazuia. Hiyo ndiyo raha waliyoifuata wageni. Asubuhi hiyo yalikuwa yakisimama marefu, ya rangi ya chai kwa tope la mto Sabaki, yakianguka kwa kishindo. Lakini Kadii hakuyatazama mawimbi. Alitazama ule ukanda mwembamba kati yao, ambao haukuwa na wimbi wala povu, umelala laini kama sakafu iliyodekiwa, ukielekea moja kwa moja mlangoni. Ndipo hasa ambapo Musyoka alikuwa amechomeka bendera zake mbili za kijani.

"Unaona?" Musyoka alisema. "Nimechagua mahali patulivu."

"Umechagua mtaro wa maji yanayotoka."

Easter alikuwa hapo tayari, kanga imefungwa juu ya nguo ya kuogelea, akizipanga mbao mchangani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usiingie humo."

"Mama! Umeanza." Easter alimtupia Musyoka jicho la aibu, lile la mtoto anayemwombea mzazi wake msamaha. "Mama anaogopa hata maji ya ndoo."

"Ninaogopa ya ndoo, ndiyo maana sijawahi kuzama ndooni."

Musyoka alicheka. Alikuwa amepata hadhira, na mtu kama yeye akipata hadhira hupoteza akili kidogo aliyobakiwa nayo. Akachukua ubao mmoja wa mawimbi, mweupe wenye mstari mwekundu, akauburuta mpaka maji ya magotini baina ya bendera zake, akausukuma.

"Tazameni. Unarudi wenyewe."

Ukarudi kweli. Wimbi dogo liliubeba likamletea miguuni. Akageuka na kuwapigia wanawake saluti. Akausukuma tena, na mara ya pili ukarudi, ila haukufika miguuni. Mara ya tatu ulisimama kidogo, ukageuka ubavu, kisha ukaanza kwenda. Haukukimbia. Ulikwenda kwa mwendo wa mtu anayejua aendako, ukapita bendera, ukapita mahali ambapo mawimbi huanguka, wala hakuna lililouangukia.

"Ni upepo tu," Musyoka alisema.

"Upepo unatoka kule," Kadii alisema, akionyesha baharini. "Unavuma kuja huku. Ubao unakwenda kinyume chake. Tafuta jingine."

Kabla hajatafuta, Easter alishaivua kanga na kukimbia. Ubao ulikuwa umeandikishwa kwa jina lake, alitaka kuuleta. Kadii alipaza sauti, lakini kusi likairudisha mdomoni mwake. Msichana alipiga mbizi chini ya povu, akaibuka, akaogelea kwa yale mapigo marefu mazuri ya bwawani, na kwa kila mkupuo akawa mbali zaidi kuliko nguvu zake zilivyostahili. Akaufikia ubao, akaukumbatia. Ndipo alipotazama nyuma, na Kadii akauona uso wa mwanawe ukielewa.

"Pembeni!" Kadii alikuwa ndani ya maji hadi mapajani, sketi ya kazi imemganda. "Usije huku! Nenda pembeni, kwenye povu! Kwenye povu!"

Kadii hakujua kama alisikia neno, au aliuona tu mkono. Easter aliulalia ubao, akapiga makasia kwa mikono kwenda kaskazini, kuelekea pale maji yalipokuwa machafu na yenye kelele, mahali ambapo mtu yeyote asiyejua angepakimbia. Ilichukua muda. Mara mbili Kadii hakumwona. Kisha wimbi likamnyanyua pamoja na ubao, likamfingirisha kama gunia, likamtapika mchangani hatua mia kutoka bendera, goti linavuja damu, pua imejaa maji, mzima.

Kadii alimfikia. Hakumkumbatia, alimpiga mgongoni mpaka maji yakamtoka.

"Nimekuambiaje?"

"Mama, inavuta," Easter alisema, meno yakigongana. "Inavuta kweli. Siwezi kumshika mtoto mle."

Musyoka alikuja akitembea, si kukimbia, akipangusa mchanga kwenye soksi.

"Umeona?" alimwambia Kadii. "Amerudi salama. Na ubao ameuleta. Hodari! Sasa mpe dakika ishirini apumzike, akauke. Wageni ndio hao wanashuka."

Kuna watu ambao maneno kwao ni kama kumwagia maji bata, na Kadii alikuwa amekwisha kumwaga ya kutosha tangu saa moja na nusu. Barazani wageni walikuwa wameanza kukusanyika na taulo zao, watoto sita wamepakwa dawa nyeupe puani, mmoja tayari anaruka ngazi. Bahari haikuwa na mlango wa kufungwa. Lakini wageni walikuwa na miguu, na safari zote za hoteli zilikuwa chini ya mapokezi, na mkuu wa mapokezi alikuwa yeye.

Alimwinua Easter kwa kwapa, akapanda ngazi na sketi inayochuruzika, akapita katikati ya taulo, akatokea upande wa pili kwenye maegesho. Kahindi, dereva, alikuwa akipangusa kioo cha basi dogo.

"Kahindi, lina mafuta?"

"Limejaa, Bi Kadii. Si la safari ya Marafa Jumatatu?"

"Jumatatu imekuwa leo. Washa."

Kahindi aliitazama sketi, akalitazama goti la Easter, akatupa kitambaa ndani na kuwasha. Alikuwa Mgiriama mwenye busara ya kutouliza.

Kadii akarudi barazani, akapiga makofi mawili. Kwa Kijerumani chake cha chuoni, kilichonyooka kama rula, aliwaambia kwamba bahari asubuhi hiyo inaua. Kwamba Ijumaa ijayo maji yatakuwa mafu na watoto watacheza watakavyo. Kwamba sasa hivi wanakwenda Marafa kuliona korongo la Nyari, wachukue viatu, kofia na maji ya kunywa, taulo waziache. Mama mmoja aliuliza mbona ubao unasema mawimbi ni mazuri sana. Kadii alimjibu kwamba ubao umeandikwa na mtunza stoo.

Walicheka, wakaenda kuchukua viatu. Wazungu ni watu wepesi ukiwaamuru kwa sauti inayojua.

Musyoka alifika akitweta wakati mtoto wa sita anapanda. Alipuliza filimbi. Kahindi alidhani ni ya kumruhusu, akaingiza gia.

"Bi Kadii! Nani amekupa ruhusa? Gari hilo likitoka getini, kazi huna! Nitamwandikia meneja leo hii!"

"Mwandikie. Andika na tarehe, unazipenda." Kadii alimsukuma Easter kwenye kiti cha dirishani, akamfunika kwa shuka aliyoichukua kwa Batuli alipopita, akaketi mbele kando ya dereva na kuufunga mlango. "Na umwambie mbao zako ziko chini pale mchangani, maji yakigeuka yatazifuata. Twende, Kahindi."

Basi likatoka getini, likakata kulia kuelekea mjini na daraja la Sabaki.