Chungu Kilichoongezeka Uzito

Dada alipoondoka kwa mafunzo ya kazi ya siku kumi na mbili, aliniachia funguo mbili na vyungu saba vya maua. Maelezo yake yalikuwa mafupi.

"Ukiona udongo umekauka, mwagilia."

"Umekauka kiasi gani?"

"Gramu, kidole si unacho? Kichomeke kwenye udongo."

Gramu ni jina langu la nyumbani. Mimi ni mkaguzi wa mizani, na kidole si kipimo. Nilipeleka kwake mizani ndogo ya mezani, nikapima kila chungu baada ya kukimwagilia, nikaandika kwenye daftari. Chungu kilichopungua gramu mia tatu kilipata mililita mia tatu za maji. Kisichopungua hakikupata kitu. Nilikwenda kila baada ya siku moja, wakati wa mapumziko ya mchana, kwa kuwa ofisi yetu iko mitaa miwili tu kutoka kwake.

Kitasa chake kilikuwa kipya. Miezi minne kabla ya hapo mume wake alimvunja mkono mahali pawili, na mahakama ikampiga marufuku kumkaribia. Shemeji hakubishana. Mlangoni mwa mahakama alimwambia dada, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba siku atakayomkuta peke yake atamaliza alichokianza. Nilikuwa nimesimama kando yao. Sikusimuliwa.

Kwa hiyo funguo zile nilizitunza. Mmoja niliubeba mwenyewe. Wa pili, wa akiba, niliutundika kwenye kibao cha funguo ofisini nikaufunga lebo: nyumba ya dada, jina la jengo, ghorofa ya tatu, mlango wa sita. Ndivyo tunavyofanya kwa kila kitu. Ofisini kwetu kitu kisicho na lebo ni kama hakipo.

Siku ya nane chungu kikubwa cha dirishani, chenye mmea wa majani mapana, kilipaswa kuwa na gramu kama 6,100. Kilikuwa na 6,480. Siku ya kumi kilikuwa kimezidi tena, na vingine viwili pamoja nacho.

Udongo hauzai maji. Dirisha lilikuwa limefungwa na dari haikuvuja. Nilibaki na maelezo mawili: ama mizani imeharibika, ama nimekosea kuandika. La tatu halikunijia kabisa, na hilo ndilo kosa langu. Mtu wa kazi yangu akikutana na tarakimu asiyoielewa, hushuku chombo kwanza. Ya nyumba huyafikiria baadaye.

Niliirudisha mizani ofisini. Mwenzangu wa meza ya pili aliijaribu kwa mawe yetu yote, kuanzia gramu hamsini hadi kilo tano.

"Nzima kama wewe," akasema. "Labda maua yamenenepa. Mwenye nyumba hayupo, nani asinenepe?"

Nilicheka. Sikugeuka kutazama kibao cha funguo, ingawa kilikuwa nyuma ya mgongo wangu.

Siku ya kumi na mbili, ambayo dada alikuwa anarudi, nilifika saa saba na robo nikiwa na mizani na jiwe la kilo moja. Nilifunga mlango, nikaweka ufunguo na simu mezani, nikaipanga mizani sawasawa. Jiwe lilitoa gramu elfu moja kamili. Kisha nikakiinua chungu cha dirishani kwa mikono miwili.

Tone la maji likaniangukia mguuni. Likafuata la pili.

Chungu kile, ukishakimwagilia, hudondosha maji kwa dakika kama kumi, kisha hukoma. Nilikuwa nimelipima hilo siku ya kwanza kabisa. Nikatazama mlango wa chumba cha kulala. Mimi huuacha wazi ili hewa ipite. Ulikuwa umerudishwa.

Nilikishusha chungu juu ya mizani taratibu, kama vile kelele ndiyo ingeharibu mambo. Tarakimu zikawa zinacheza, hazitulii. Ilinichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa bado sijakiachia.

"Kilo ngapi leo, shemeji?"

Alisimama mlangoni mwa chumba akiwa na soksi miguuni na kopo la kumwagilia mkononi. Alikuwa amenyoa vizuri. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Umeingiaje?"

"Kwa mlango, kama watu." Akatabasamu. "Nilileta mizani yangu ya dukani kugongwa muhuri, wewe ulikuwa kwenye ukaguzi. Mwenzako, mtu mzuri yule, akanikalisha pale pale chini ya funguo zenu. Halafu nikasoma. Shemeji, una mwandiko mzuri! Mpaka namba ya mlango. Nikautungua, nikaondoka nao."

"Tangu lini?"

"Wiki sasa. Unaingia saa saba na robo, unatoka na dakika arobaini. Nakuwa humo chumbani nakusikiliza unavyojisemesha tarakimu. Siku moja nusura nicheke." Akapita mbele yangu, akakimwagilia chungu cha pembeni. "Unayapa maji kama unampimia mgonjwa dawa. Haya nimeyanunua mimi. Nataka akija akute nyumba inapendeza."

Sasa alikuwa kati yangu na mlango wa nje. Nilihesabu: hatua tano hadi mlangoni, yeye kwenye hatua ya pili.

Simu ikaita. Sote wawili tuliliona jina.

"Pokea," akasema, bado kwa upole. "Weka spika. Mwambie aje."

Nikapokea.

"Gramu! Basi limewahi, niko stendi. Maua yangu yapo hai, au nipitie na sanda?"

Nilimsikia anacheka, na nyuma yake kelele za wapiga debe. Shemeji alinikubalia kwa kichwa, kama mwalimu anayemtia moyo mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Mume wako yuko humu ndani," nikasema. "Ana ufunguo. Usije. Nenda polisi."

Shemeji aliipiga simu kofi, ikagonga ukuta ikafunguka, betri ikaenda upande wake. Maneno yote yalikuwa yametoka kabla haijanitoka mkononi. Hilo nina hakika nalo. Kama yalifika yote, sikuwa na njia ya kujua.

Nilijikunja nikisubiri pigo. Halikuja. Aliliweka kopo mezani, akavaa viatu, akafunga kamba zote mbili vizuri. Akachukua ufunguo wangu kutoka mezani, akautia mfukoni pamoja na wake.

"Stendi, siyo?" akasema. "Kwa pikipiki hata robo saa haifiki."

Mlango ukafungwa kutoka nje. Nikasikia kitasa kikizunguka mara mbili, kisha viatu vyake kwenye ngazi, taratibu, ngazi moja baada ya nyingine.

Nilikuwa nimempa dada onyo, na kwa spika ile nilikuwa nimempa shemeji mahali pa kumkuta. Sasa dada alidhani hatari iko nyumbani. Angeweza kukaa pale pale stendi, akinunua maji, akinipigia simu isiyopatikana.

Nilisukuma vyungu, nikafungua dirisha. Chini uani mwanamke alikuwa anaanika nguo.

"Mama! Mama, una simu?"

Akainua kichwa, kibanio kikiwa mdomoni. Akakitoa. "Kuna nini, mwanangu?"

"Nakuomba piga namba hii, haraka! Mwambie atoke stendi, mume wake anakwenda huko!"

Hakuuliza swali la pili. Alifuta mikono kwenye kanga akatoa simu kiunoni. Nikamtajia namba, tarakimu moja moja. Ya saba akaisikia vibaya, tukaanza upya. Wakati namtajia za mwisho shemeji alitokea chini, akapita kando ya kamba ya nguo, akamwamkia yule mama kwa heshima, akatoka getini bila kukimbia. Nje ya geti pikipiki ikawaka.

"Inaita," mama akasema, uso ameuinua kwangu.

Nilishika fremu ya dirisha.

"Bado inaita."