Kitanda cha Nne kwenye Meli ya Kopenhagen

Shida ilikuwa kitanda cha nne. Kabini ilikuwa na vitanda vinne, na Gunnvald Brekkhus alikuwa na watu watatu: yeye mwenyewe, mkewe Solfrid, na marehemu baba yake, Torleiv.

Meli huondoka Oslo alasiri, hulala baharini, na kufika Kopenhagen asubuhi abiria wakiwa bado wanatafuta soksi. Huko Kopenhagen aliishi Bergljot, dada yake Solfrid, mwenye mapafu yaliyochoka. Daktari alisema amebakiwa na wiki sita, saba akijikaza. Solfrid alitaka kumwona dada yake akiwa bado anahema. Ndege alikuwa hapandi, kwa sababu ya sikio lake la kushoto. Gunnvald, fundi bomba wa miaka hamsini na nne, alimwambia asijisumbue, safari ataipanga yeye. Akanunua daftari la miraba.

Sasa, sisi watu wa Oslo hatuendi Denmark hivi hivi. Nyama ya kule ni rahisi, na kila kichwa kinaruhusiwa kurudi na kilo kumi za nyama na lita moja ya pombe kali. Hata anayekwenda kuzika hubeba kasha la barafu tupu. Kwa hiyo kitanda kisicho na mtu si kitanda tu. Ni kilo kumi za mbavu za nguruwe zinazobaki ugenini.

Torleiv alijitolea mwenyewe. Alikuwa amefariki miaka tisa nyuma, na tangu hapo alikuja kila Jumanne magharibi kunywa kahawa, kwa sababu alipokuwa dereva wa tramu Jumanne ndiyo iliyokuwa siku yake ya mapumziko. Gunnvald alipiga simu forodha kuuliza kama marehemu anahesabiwa. Dada wa forodha alimwambia asubiri, akaenda kuuliza, akarudi akasema anahesabiwa, mradi alishatimiza miaka ishirini alipofariki. Torleiv alifariki akiwa na themanini na mmoja. Gunnvald akaandika "Baba: ndiyo" na kupiga mstari chini yake.

Mikutano ilifanyika Jumanne, kwa kuwa mzee hakuweza siku nyingine. Kulikuwa na ajenda, kahawa na jibini ya kahawia. Mkutano wa kwanza ulijadili nani alale chini. Torleiv alitaka chini kwa ajili ya goti.

"Goti la marehemu linauma wapi?" Solfrid aliuliza.

"Kufa kwanza, mkwe, halafu uniulize."

Mkutano wa pili ulijadili chakula. Kwenye meli watu hula kwa zamu mbili: wa kwanza huwahi uduvi kabla haujachokorwa, wa pili hula bila kufukuzwa mezani. Suala hilo liliahirishwa. Wa tatu ulijadili mtu wa nne. Jirani yao Wenche aliombwa, akasema yeye hutapika hata kwenye beseni la kuogea. Marehemu mama yake Gunnvald alipelekewa ujumbe kupitia Torleiv, naye akajibu kwamba alikaa chumba kimoja na mwanamume huyo miaka arobaini na mmoja na imemtosha.

Solfrid aliuliza kwa nini wasiende wao wawili. Gunnvald alimweleza habari ya mbavu taratibu, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini bomba lake limeziba. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe akisimulia leo husema kichwa chake ni kama friji: kikubwa, baridi, na ndani kuna nyama tu.

Machi ikaingia Aprili. Jua lilizidi kuchelewa kuzama, mzee naye akachelewa, na mikutano ikachelewa. Jioni Solfrid alimpigia dada yake na kuilaza simu mezani, kando ya daftari. Mwanzoni Bergljot alisema maneno mawili kisha akapumua. Wiki ya tano ilisikika pumzi peke yake. Gunnvald aliheshimu jambo hilo, akapiga hesabu zake bila sauti.

Jumanne ya sita Torleiv hakuja peke yake. Nyuma yake alikuwa Bergljot, amevaa koti la kijani. Alifuta miguu, akavua viatu na kuvipanga vizuri kwenye kibao, kisha akaketi. Alikuwa anapumua vizuri sana. Solfrid alimtazama, akanyanyuka akaleta kikombe kingine.

"Lini?" aliuliza.

"Jana alfajiri. Hospitali watakupigia kesho, wana foleni."

"Umekujaje?"

"Kwa basi. Masaa manane. Tiketi nimekata leo asubuhi."

Gunnvald aliuliza kama kuna basi. Solfrid alimwambia lipo kila siku, na kwamba alishamwambia hivyo tangu mkutano wa kwanza. Gunnvald alifunua daftari. Kweli ilikuwepo, kwa mwandiko wake mwenyewe: "Basi: hapana. Kasha la barafu haliingii."

Bergljot alikoroga kahawa.

"Na ninyi mlikuwa mnangoja nini?"

"Mtu wa nne," Gunnvald alisema, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kweli.

"Haya. Nimekuja."

Gunnvald alimuuliza kama kitanda cha juu kinamfaa. Alisema kinamfaa. Gunnvald akaandika "Bergljot: ndiyo", na mkono wake ukapiga mstari kabla hajauzuia.

Waliondoka Ijumaa, wakala zamu ya pili. Mazishi yalikuwa Jumamosi saa tano asubuhi. Bergljot alikaa benchi la nyuma, na Solfrid akamshika mkono, uliokuwa baridi. Gunnvald alifika wimbo wa mwisho, akitokea buchani. Waliporudi Oslo, mtu wa forodha alihesabu vichwa vinne, akafungua kasha, akawatakia siku njema. Jumanne iliyofuata Torleiv aliuliza habari za safari ya vuli, na Gunnvald akafungua ukurasa mpya.

Safari ilipata kilo arobaini za nyama na lita nne za pombe. Iligharimu mikutano sita, pakiti tatu za kahawa, wiki sita, na dada mmoja.