Benchi la Kando ya Nguzo

Mpiga kinanda wa kanisa kuu alikuwa mama wa makamo, mwepesi wa vidole lakini mgumu wa kuamini sifa. Kila ibada ilipokwisha, akishuka kutoka roshani, mumewe humwambia, "Leo umetuinua, mama watoto." Naye humjibu, "Acha kunivika kilemba cha ukoka."

Alikuwa na sababu. Huko juu alikaa akiwapa waumini mgongo, na yale mabomba makubwa ya kinanda yalimngurumia masikioni hata asijue watu wa chini wanasikia nini.

Kisha miguu ikamgomea mumewe, akawa mtu wa kitandani. Kanisani hakuja tena.

Mwaka huo akafika fundi wa sauti, binti mchangamfu anayezunguka makanisani na kumbini kurekodi vinanda vya mabomba. Alitandaza nyaya sakafuni, akapiga makofi huku na kule akisikiliza mwangwi, mwishowe akasimama anajikuna kichwa.

"Mama, kinasikika vizuri zaidi mtu akikaa wapi?"

"Mwanangu, unamuuliza mpishi ambaye hajawahi kula mezani. Sijakaa huko chini hata siku moja kikipigwa. Ngoja nimuulize mzee wangu."

Akampigia simu. Mzee akajibu papo hapo.

"Benchi la nyuma, kando ya nguzo ya kulia. Mbele sauti nene zinameza zile nyembamba. Nimehamahama kanisa zima mpaka nikapapata."

Mama akaigeukia ile nguzo, simu ingali sikioni. Miaka yote alidhani mumewe anakaa karibu na mlango ili awahi kutoka.

Fundi akasimamisha vinasa sauti pale pale. Mama akapanda roshani, akapiga wimbo ambao mzee hakuchoka kuuomba. Mara ya kwanza pikipiki ikapita nje ikaharibu kila kitu, wakarudia.

Alasiri hiyo fundi alibeba spika mpaka nyumbani kwa mama, akaziweka miguuni pa kitanda. Mama akaketi ubavuni mwa mumewe.

Sauti nene zikaanza, za chini kabisa, zikatikisa glasi ya maji mezani. Juu yazo ikaja sauti moja nyembamba, tulivu, ikatanda chumba kizima. Mama akaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Hivi ndivyo ulivyokuwa ukinisikia?"

"Ndivyo. Ila leo mwishoni umekimbia kidogo."

Akacheka huku machozi yanamtoka, akaushika mkono wa mumewe.

"Asante, baba watoto. Umenisikiliza kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe."

Mzee akaufinya mkono wa mkewe. Fundi, aliyeona haya kuwatazama, akaanza kukunja nyaya.

"Una haraka gani, mwanangu?" mama akamwambia. "Mungu akuzidishie kwa ulichotufanyia. Kaa, unywe chai. Halafu utuwekee tena, toka mwanzo."