Jina la Baba Mkwe

Zulfa aliweza kila kazi ya mgahawa isipokuwa moja: kutangaza majina ya watu. Bahati mbaya hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kwanza ya kampuni ile ya kahawa kutoka Nairobi. Mteja anaulizwa jina, linaandikwa kwenye kikombe cha karatasi, kahawa ikiwa tayari linaitwa kwa kelele mgahawa mzima usikie. Eti huo ndio ukarimu! Huko kwao, labda. Kwenye mgahawa wao wa Ruangwa walipiga kelele hizo miezi mitano, wazee wakawa wanapita upande wa pili wa barabara, mgahawa ukafungwa. Sasa kampuni imemtuma bosi, Valentina, aamue kama na huu wa Nachingwea ufungwe. Ukifungwa, Zulfa anarudi Chiola kupalilia ufuta, naye kazi hii aliipenda, asikudanganye mtu.

Ilikuwa siku ya mnada wa korosho. Valentina alikaa kona na daftari lake. Mara akaingia Mzee Mbaruku, baba mzazi wa Rahimu, mumewe Zulfa.

Meneja Octavian, mtu wa Moshi asiyejua hili wala lile, akamuuliza jina, akaliandika kwa herufi kubwa. Kahawa ilipokuwa tayari akamsogezea Zulfa kikombe.

"Tangaza."

Zulfa alikitazama. Miaka saba ya ndoa, jina lile halijawahi kumtoka mdomoni. Hata mwanawe wa kwanza, aliyerithi jina hilo la babu yake, yeye humwita Baba.

"Siwezi, meneja. Ni mkwe wangu."

"Zulfa, bosi anaangalia!"

"Aangalie."

Akaweka kando kile cha karatasi. Akajaza birika, akachukua vikombe vidogo vya wafanyakazi na kisahani cha korosho, akatoka nyuma ya kaunta. Mbele ya mzee akapiga goti.

"Shikamoo, baba. Karibu kahawa."

"Marahaba, mwanangu."

Mzee akaonja. Kisha akageukia mlangoni, walikosimama wenzake wakisubiri mnada.

"Nyie, ingieni! Leo hatuitwi kama watoro wa shule. Mkwe wangu anatuletea mpaka mezani!"

Wakaingia kumi na mmoja. Wakavuta viti, wakabishania bei ya korosho, birika likaisha, likajazwa, likaisha tena. Octavian alitoka jasho. Zulfa alijisikia furaha tele, akatamani Rahimu angekuwepo aone.

Valentina akamsogelea. "Nani kakufundisha haya?"

"Hakuna, bosi. Nimeolewa tu."

Valentina akacheka, akaikata kwa kalamu sheria ya kwanza daftarini mwake. "Huu haufungwi, na ule wa Ruangwa tunaufungua upya. Utakwenda kuusimamia wewe." Akageuza ukurasa. "Na yule mzee niandike anaitwa nani?"

Zulfa akabeba birika lake.

"Muulize meneja, bosi. Mimi ni mkwewe."